Makohozi ya Kuazima

Rangi ya manjano ilikuwa bado imetuama juu ya vioo vya kupimia makohozi Mwamvua alipopiga hodi mlangoni mwa maabara ya zahanati.

"Mama Henry, kuna jambo linaninyima raha."

"Sema, jirani. Nakusikia."

"Yale makohozi aliyokuletea Cecilia mwezi uliopita yalikuwa yangu. Aliniomba. Akasema ni kipimo cha mafua tu."

Yasinta, mpimaji, hakugeuka. Alivimwagia vioo asidi, kimoja baada ya kingine, mpaka umanjano ukaisha. Cecilia alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alimtoa Kongwa akampa chumba nyumbani kwake mjini, Nkuhungu. Cecilia alipoanza kukohoa, Yasinta alimpa kikopo cha kutemea makohozi. Makohozi aliyoletewa aliyapaka kwenye kioo, akayapitisha motoni, akayatia rangi, kisha akatazama kwenye hadubini na kuona giza tupu, hakuna kimelea hata kimoja. Alicheka peke yake kwa faraja siku ile. Jioni akamfunga tena mwanawe, Henry, mgongoni kwa Cecilia.

Sasa alirudi nyumbani, akamkuta Cecilia jikoni akimlisha Henry uji, akiuonja kwanza kwa kijiko kile kile.

"Mwamvua ameniambia," alisema Yasinta, akakichukua kijiko.

Cecilia aliinamisha kichwa. "Wangenifukuza kazi, dada. Nani anataka mpishi mwenye kifua kikuu shuleni kwake?"

"Ningekwenda kukusemea. Wewe ukaniacha niandike jina lako kwenye makohozi ya mtu mwingine, nikamkabidhi mwanangu kwako."

"Nilikuwa nageuza uso nikikohoa."

Yasinta alimbeba mtoto akampa Mwamvua, aliyekuwa akisubiri mlangoni, wakaongozana wote mpaka zahanati.

Safari hii alisimama na Cecilia uani mpaka makohozi yakatoka kifuani hasa. Akaandika jina kwenye kioo kwa penseli. Akapaka, akapitisha motoni, akatia rangi, akaosha kwa asidi, akamalizia kwa rangi ya kutia giza, ili ving'ae vimelea tu. Alipoinamia hadubini, vijiti vya kijani, vimelea vyenyewe, vilikuwa vimetapakaa kila mahali, vikimeremeta. Alivitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kisha akaenda mlangoni.

Mwamvua alikuwa barazani na Henry. Mtoto alikuwa akijipinda ashuke, akilia, akimnyooshea mikono mama yake mdogo, aliyekaa peke yake kule uani, juani, ameuelekeza uso ukutani.