Bonde la Ufa Liko Ukweni

Manase alikuwa amefeli kidato cha nne kwa sababu moja: alichokariri Jumatatu kilikuwa kimeyeyuka kabla ya Ijumaa. Baba yake, mzee Mughwai, akamruhusu arudie mtihani mara moja tu. "Ukifeli tena, utashika sururu, uende mashimo ya dhahabu ya Sekenke."

Akiwa machungani, Manase akang'amua jambo. Masomo yalimtoka, lakini hakuwahi kumsahau ng'ombe hata mmoja wa baba yake. Basi akawagawia mada. Dume akawa Vita vya Majimaji. Mweusi mwenye doa usoni akawa Usanisinuru. Kikongwe wa pembe moja akapewa somo zima la Siasa, ujamaa na kujitegemea. Mtamba mwekundu mwenye kovu refu mgongoni akawa Bonde la Ufa. Kila jioni alisimama mlangoni mwa zizi akimkariria kila anayeingia habari zake. Kiangazi kizima hakuna kilichomtoka kichwani.

Kisha kaka yake, Samweli, akapata mchumba kijiji cha Kinampanda.

"Baba, mwekundu usimtoe mahari! Yule ni Bonde la Ufa!"

"Yule ni mtamba, na wakwe wameshampenda."

"Basi toa Majimaji!"

"Dume langu? Una kichaa wewe?"

Bonde likaenda ukweni, na kila jioni habari zake zikakosa wa kukaririwa. Siku ya mtihani Majimaji yalikuja yenyewe, yakinguruma. Kwenye Jiografia, swali la kwanza: *Eleza Bonde la Ufa.* Manase akafumba macho. Mlango wa zizi ulikuwa mtupu.

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba ruhusa."

"Chooni?"

"Kinampanda."

"Kufanya nini?"

"Kumwangalia ng'ombe. Nitarudi upesi."

"Kaa chini, kijana!"

Akakaa, akaandika kwa hasira na kwa ukweli mtupu: *Bonde la Ufa lilitolewa mahari. Kwa sasa liko Kinampanda, na lina mimba.*

Jiografia akaanguka. Mengine yote akapasua, akaitwa kidato cha tano. Mzee Mughwai alicheka mpaka akakohoa, kisha akasikia kwamba siku hizi wazazi wanachangia ada. Akamshika mwanawe mkono hadi zizini.

"Ada inataka ng'ombe. Sema wewe msomi, tuuze somo gani?"

Manase akawapitia mmoja mmoja, hadi kwa kikongwe wa pembe moja, asiye na maziwa, anayekula kuliko wote.

"Tuuze Siasa, baba. Shuleni kwenyewe wameshaifuta."

"Mifupa ile? Nani atanunua?"

"Ni soko huria, baba. Mnada wa siku hizi haukatai kitu."