Unyoya Kwenye Mizani

Hakuna kinachowanyamazisha wasichana kama mizani. Darasani wanaweza kumtoa mwalimu jasho, bwenini matroni analala na pamba masikioni, lakini wapange foleni nje ya chumba cha kupimia, wamevua viatu na kukunja sweta, utadhani wanangoja kusomewa hukumu. Muhula huu walikuwa wanacheka.

Dada wa lishe aliwasikia kabla hajafungua mlango, na kicheko kile hakikumkaa vizuri. Yeye ndiye aliyewapima tangu alipoajiriwa, akiwa na diploma mpya na maneno mengi mdomoni. Kazi ilikuwa rahisi: uzito, urefu, kisha hesabu ya uwiano wa vyote viwili. Aliyezidi mstari wa kiwango alipewa nusu sahani mpaka apungue. Mpango ulikuwa wake mwenyewe, na mwalimu mkuu aliupenda kama mtoto wake wa kuzaa.

Ndani ya kabati kulikuwa na kifaa kingine, koleo dogo la kubania nyama ya nyuma ya mkono ili kujua mafuta yenyewe ni kiasi gani. Mizani haijui mfupa ni upi, msuli ni upi, mafuta ni yapi, inajumlisha tu. Dada wa lishe alilijua hilo, alilifanyia mtihani na akafaulu. Ila koleo linataka muda na wasichana wakibanwa wanatekenyeka, basi likabaki kwenye boksi lake.

Wakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa kiranja, msichana wa mabega mapana ambaye akirusha mpira kila mtu uwanjani anainama. Alikuwa yuleyule, na mashavu yaleyale, na sketi iliyombana palepale. Ila alipotembea kutoka mlangoni mpaka kwenye mizani, sakafu ya mbao haikusema kitu. Mshale ukapanda kidogo, ukasimama.

"Nimepungua, dada?"

"Umepungua. Umefanyaje?"

"Najitunza," kiranja akasema, akageuka kutazama mlangoni, akacheka.

Wa pili hivyohivyo. Wa tatu. Walikuwa wakiingia kama kanga zilizoanikwa, wanene kwa wembamba, bila kishindo cha hatua. Vinyweleo vya mikono vilimsimama dada wa lishe. Akauacha mlango wazi ili aone kilichokuwa kinaendelea huko nje.

Kila msichana, kabla zamu yake haijafika, alitoka kwenye foleni akaenda mpaka nyuma kabisa. Alimwekea mkono begani msichana wa mwisho, akamwambia neno moja, kisha akarudi mbele na kuingia. Na msichana yule wa mwisho, kila alipoguswa, alipinda magoti kidogo, kama mtu anayetwishwa ndoo.

Alikuwa mgeni wa muhula uliopita. Siku aliyofika, kiranja alimwita Unyoya kwa jinsi alivyokuwa mwepesi, na jina likamganda.

Wenzake walipokwisha kupimwa na kuondoka, Unyoya akaingia. Glasi zilizokuwa rafuni zikagongana. Blauzi ilimning'inia kama imetundikwa msumarini, shingo imechongoka, lakini kila hatua yake ililia puu, puu, na mbao zikakunjana chini yake. Akapanda mizani. Mshale ukazunguka mpaka mwisho, ukagonga kizuizi chake, ukatulia hapo.

"Shuka. Panda tena."

Ikawa vilevile.

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, dada."

Muhula uliopita mshale ulikuwa umevuka mstari, na dada wa lishe akamwandikia nusu sahani bila kuinua macho. Sasa aliinua. Akaenda kabatini, akatoa koleo, akambana nyuma ya mkono. Meno ya koleo yakakaribia kugusana. Alipoiachia ngozi, haikurudi. Ilibaki imesimama kama mkunjo wa shuka, kisha ikalala polepole, kwa uvivu. Mkono ulikuwa baridi. Huyu hakuwa mnene, alikuwa anakufa njaa, tena kwa amri yenye sahihi ya dada wa lishe.

"Kaa chini, mdogo wangu."

"Kiti kitavunjika."

"Basi simama. Wanakuambia nini wale, wakikushika bega?"

Unyoya akatazama vidole vyake vya miguu. "Wanasema, nishikie."

"Nishikie nini?"

"Uzito wao. Ulianza kama mchezo tu. Kiranja aliogopa nusu sahani, akaniwekea mkono, akasema nishikie mpaka nimalize kupimwa. Nikasema haya. Mshale ukashuka kweli. Alipotoka hakuja kuchukua. Kesho yake, kupima kukiendelea, wakaja wengine."

"Na wewe ukakubali tu?"

"Hakuna aliyekuwa anakaa na mimi, dada. Sasa wamenipa mpaka kitanda cha dirishani."

"Si nasikia kilivunjika?"

"Kilivunjika baadaye."

 Dada wa lishe alikuwa mtu wa vipimo, na mtu wa vipimo hajadili, anapima. Akamshusha msichana, akapanda mizani yeye mwenyewe. Mshale ukasimama pale uliposimama miaka yote, pale ambapo mama yake mdogo humtania kwamba ni pa wanene. Akanyoosha mkono, akaushika ule mfupa wa bega la Unyoya.

"Nishikie," akasema.

Ilikuwa kama kuvua koti lililolowa. Mapaja, mgongo na kiuno vyote vilimwachia kwa wakati mmoja, na mshale ukaanguka. Kando yake, Unyoya alitoa pumzi fupi na ubao mmoja ukapasuka. Dada wa lishe aliliona hilo. Aliliona vizuri, na bado akasimama pale kidogo, akiutazama mshale, akiwaza gauni alilolificha chini ya sanduku. Tangu akiwa na umri wa wasichana hawa hakuwahi kuupenda mshale huo.

"Nirudishie," akasema hatimaye, lakini kwa sauti ya mtu asiye na haraka, na kabla Unyoya hajainua mkono mlango ukafunguliwa.

Mwalimu mkuu aliingia na kundi zima nyuma yake, kiranja mbele. Kiranja alikuwa ameshampa matokeo, na uso ulimng'aa.

"Hongera, binti yangu. Wazazi wakija nitawaonyesha kazi yako. Nasikia amebaki mkaidi mmoja tu. Panda, wewe, wenzako wakuone. Labda aibu itakusaidia."

"Mama, huyu leo anakula sahani nzima," dada wa lishe akasema. "Nimempima mafuta kwa koleo. Hana. Ni mifupa."

"Mizani imesemaje?"

"Imezidi mwisho. Lakini..."

"Basi mizani imesema. Hata hiyo nusu tutampunguzia. Panda, nimekwambia."

Dada wa lishe akafungua mdomo kumweleza la mabega, akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa mwepesi sasa, visigino vikielea ndani ya viatu, akaufunga. 

Unyoya akapanda. Mshale ukagonga kizuizi. Nyuma kukatoka kicheko, kisha kingine.

"Punguza kula basi, Unyoya," kiranja akasema. "Utatuvunjia shule."

Wote wakacheka. Unyoya akawatazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayetafuta uso wa ndugu yake kwenye umati. Hakuuona. Akashuka kwenye mizani, akatembea mpaka kwa kiranja huku vioo vya dirisha vikitetemeka, akamwekea mkono begani.

"Chukua chako."

Kiranja akakaa chini ghafla, puu, miguu imemtoka mbele, macho yamemtoka. Akajishika mapaja kwa mikono miwili kama mtu aliyeyasahau na sasa anayatambua. Aliyemfuata akarudi nyuma, lakini nyuma kulikuwa na ukuta.

"Chukua chako. Chukua chako. Na wewe."

Hakuna aliyekimbia. Walisimama wakilia kimyakimya, na kila mkono ulipotua begani sakafu ilipokea kishindo, hadi chumba kizima kikawa na sauti ya nyumba inayohamiwa. Hatua za Unyoya zenyewe zilizidi kuwa nyepesi. Alipofika mwisho wa mstari hazikusikika kabisa, na alikuwa anayumba.

Akageuka kwa dada wa lishe.

Dada wa lishe angeweza kukana mbele ya mwalimu mkuu. Alishusha bega tu, akangoja. Mkono ukatua, mwepesi kama jani kavu, na koti lile lililolowa likamrudia lote: mgongo, kiuno, visigino vikakaa tena ndani ya viatu. Akamshika msichana kwapani kabla hajaanguka. Hakuwa na uzito wowote wa kusema. Alikuwa kama nguo tu.

Mwalimu mkuu alikuwa ameegemea kabati. Alitazama wasichana waliokaa sakafuni, akatazama fahari yake ya muhula mzima ikifuta kamasi kwa mikono ya sweta, akaipata sauti yake.

"Sijui umewafanyia nini wenzako," akamwambia Unyoya. "Sitaki hata kujua. Waombe msamaha. Sasa hivi."

"Mama, muache," dada wa lishe akasema. "Kosa ni la..."

"Nimemwambia yeye."

Unyoya alijitoa taratibu mikononi mwa dada wa lishe, akasimama kwa miguu yake mwenyewe.

"Siombi," akasema.

"Unasema?"

"Sikuwapa kitu ambacho si chao. Siombi msamaha leo, na kesho siombi."