Kushoto kwa Nani

Bosi wangu, Delmar Kucera, aliponunua kompyuta, nilikuwa na miezi minne tu kwenye kaunta. Kabla ya hapo nilifungua vipuri uwanjani miaka kumi na tisa, katika eka sita za magari mabovu nje ya mji wetu hapa Nebraska, mpaka injini ikaniangukia gotini. Daktari akasema sitalala tena chini ya gari kwenye barafu. Kwa hiyo ile stuli ya kaunta haikuwa starehe. Nikiipoteza, sina kazi nyingine ninayoiweza. Shule niliiacha darasa la tisa.

Delmar hakuniuliza fomu ya kuingizia vipuri iweje. Alimwita shemeji yake, Marlys, aliyekuwa karani wa shule miaka ishirini na miwili. Marlys alikuja na kitabu kinene cha programu ya kutunza kumbukumbu, akajifungia ofisini wiki mbili, akatoka na fomu yake kwenye skrini. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Visanduku vimepangwa kama vitanda vya hospitali, na juu kabisa kuna picha ya kigari kinachokutazama usoni kwa taa zake mbili.

Tatizo, haikukubali kuhifadhi kitu mpaka kila kisanduku kijazwe.

"Jina la kati?" nilimuuliza Leonard Vacek, mkulima aliyekuja kutafuta kioo cha pembeni.

"La nini?"

"Kompyuta inataka."

"Iambie nataka kioo, sijaja kuiposa."

Nikaandika Punda. Kompyuta ikaridhika. Tangu siku hiyo kila mteja mbishi alipata jina la kati kutoka kwangu: Viazi, Kelele, Mdomo. Fomu haikubagua, ilimeza yote.

Marlys mwenyewe ndiye aliyezunguka kwenye rafu, akaingiza vipuri kimoja kimoja na kuvibandika karatasi: kushoto, kulia. Mimi niliambiwa nifuate skrini tu. Wiki ya tatu taa zikaanza kurudi.

"Rollie, hii taa ya upande gani, wa mbinguni?" alisema fundi mmoja, akaitua kwenye kaunta. "Nilikuomba ya kushoto."

Karatasi ilisema kushoto. Kesho yake ikarudi nyingine. Ya tatu ilirudi Delmar akiwa amesimama palepale.

"Huwezi kusoma neno moja?" akaniuliza mbele ya watu. "Ikirudi ya nne, unarudi uwanjani. Nitamweka mtu mwingine hapa."

Nikaenda kwenye rafu nikaangalia kwa macho yangu. Kila taa ya mbele iliyoandikwa kushoto ilikuwa ya kulia. Za nyuma zote zilikuwa sawa. Hapo nikaelewa, nikaenda kumgongea Marlys ofisini.

"Njoo nje, mama. Vaa koti."

Nilimkalisha kwenye usukani wa pikapu isiyo na vioo. "Nyoosha mkono wa kushoto." Mkono ukatoka dirishani, maana huku kwetu dereva hukaa kushoto. "Taa ya upande huo ni ipi?"

"Ile pale. Unanichezea?"

"Sasa shuka, usimame mbele ya gari."

Alisimama. Akatazama taa, akatazama mikono yake, akatazama taa tena, kama mtoto anayevaa viatu.

"Mimi nilikuwa nawaza hivi," alisema polepole. "Nikilitazama."

"Najua. Hata picha yako inatazamwa hivyo; ukiwa nyuma ya gari pande hazigeuki, ndiyo maana za nyuma ulizipatia. Hapa kwetu kushoto ni kwa aliyeshika usukani, hata kama amekufa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Kisha akaniangalia kwa jicho lile la karani aliyeona watoto wengi wakidanganya. "Na huyu Leonard Punda Vacek ni nani?"

Masikio yakaniwaka moto. "Umeona?"

"Nimechapa orodha nzima. Mna akina Kelele wanne. Ni ukoo?"

"Sasa jina la kati linasaidia nini kwenye kioo cha gari?"

"Shuleni tulikuwa na akina Robert Novak watatu."

"Hapa yupo mmoja, na lori lake tunalisikia kabla hajafika."

Alicheka yeye kwanza. Tulirudi ndani, akavuta kiti karibu na stuli yangu. "Mtu akiingia mlangoni, anasema nini kwanza?"

"Gari. Mwaka, aina, halafu kipuri, halafu upande."

"Na jina?"

"Akiwa anaondoka, kama tumekumbuka."

Akahamisha visanduku kimoja baada ya kingine, vifuatane kama watu wanavyosema. Jina akaliweka mwisho, la kati akalifuta kabisa. Kushoto na kulia akavitoa, akaweka upande wa dereva na upande wa abiria. Ile picha ya kigari aliiangalia kwa huzuni, kisha nayo akaiondoa.

Hatujamaliza, Delmar akaingia na taa mkononi. Ya nne.

"Rollie, chukua glavu."

Nilishuka kwenye stuli. Kuna maneno mengi ningeweza kusema, lakini yote yalimhusu shemeji yake, naye alikuwa amekaa palepale.

"Rudi ukae," Marlys akaniambia. Akasimama yeye. "Delmar, kosa ni langu. Aliwapa wateja alichokiona kwenye skrini. Mimi ndiye niliyezipa taa za mbele pande zisizo zake."

"Vipi?"

"Nilizihesabu kama mtu aliyesimama mbele ya gari."

Delmar alimkodolea macho. "Mbele? Kama anayengoja kugongwa?" Akacheka mpaka akaegemea kaunta. Marlys alikuwa mwekundu hadi shingoni, lakini hakukaa.

"Cheka ukimaliza uniambie. Taa za mbele ziko sitini na moja, lazima zikaguliwe zote, na nyingi ziko rafu ya chini kabisa. Goti la huyu haliinami. Glavu hizo vaa wewe."

Delmar akanitazama. Mimi nikatazama skrini. Mwishowe akazivaa, akaingia kwenye rafu akinung'unika, akaanza kutuitia.

"Kushoto!"

"Hatuna kisanduku cha hiyo," Marlys akamjibu.

Tukasikia akiigeuza taa kwenye rafu.

"Dereva!"

Nikabonyeza.