Mgongoni kwa Mke wa Mtoto

Wanawake wa kisimani wakiniona nashuka na ndoo wananyamaza. Nikishawapita, kicheko. Sawa, wacheke. Ila hadithi yenyewe wanaisimulia ovyo, mara eti alinikumbatia, mara eti nilikuwa nimevua kitenge. Ebo! Nitaisimulia mimi mwenyewe, Ikupa, mke wa Gibson, maana mwenye aibu ni mimi na si wao.

Nilimbeba baba mkwe wangu mgongoni.

Huku kwetu Bundali, milimani Ileje, mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe. Jina lake halitaji, na mimi hapa sitalitaja. Akimwona anakuja njiani, anaingia kwenye majani, anageuka, anasubiri apite. Chakula anakipeleka kupitia kwa mama mkwe. Wasichana wa mjini Tunduma wameyaacha hayo, lakini mimi tangu niolewe sura ya mzee yule sikuwa naijua vizuri. Nilijua kikohozi chake na viatu vyake.

Siku hiyo kijiji kizima kilikuwa msibani ng'ambo ya mto. Mama mkwe, mama Enesi, alikwenda tangu asubuhi. Mzee alibaki, nyonga yake ilikuwa inamsumbua tangu mvua zianze. Mimi nilipanda mlimani kuchimba chikanda, vile viazi vya porini, kwa sababu mnunuzi wa Tunduma alikuwa anakuja kesho yake kuchukua mzigo wa kupeleka Zambia. Najua, najua, watu wako msibani mimi nachimba viazi. Hilo nalo wamelisema.

Chikanda haioti popote. Inataka baridi ya kule juu kileleni, kwenye nyasi fupi ambako hata mahindi yanadumaa, na ukungu unalala mpaka saa nne. Ua lake jekundu la kupauka ndilo linakuonyesha pa kuchimba. Zamani yalikuwa yamejaa, sasa unatembea mpaka uchoke ndipo ulione moja. Nilikuwa nalifuata moja la namna hiyo nilipotumbukiza mguu kwenye ufa.

Kwanza nilifikiri ni shimo la mchimbaji mwenzangu. Nikavuta nyasi pembeni. Ufa ulikuwa unakwenda mbele, mrefu, umepinda kama mundu, na upande wa chini ardhi ilikuwa imeshuka kiasi cha goti. Udongo wetu huu mwekundu umelala juu ya jiwe bovu, unalibonyeza kwa kidole linamomonyoka. Masika yakizidi, maji yanapenya mpaka kwenye jiwe hilo na udongo unateleza juu yake. Kwetu nilikozaliwa niliwahi kuona shamba zima la kahawa likishuka na miche yake imesimama. Nikatazama chini. Mikaratusi yote ilikuwa imeinama upande mmoja, na chini ya mikaratusi kulikuwa na bati la nyumba ya baba mkwe.

Nilishuka mbio, naanguka, nainuka. Kwenye chemchemi nyuma ya nyumba maji yalikuwa yanatoka mazito, mekundu, yanachemka bila moto. Nikaita majirani. Nani aitike? Nikampigia Gibson huko Chapwa, Tunduma, anakopakia malori.

"Mlima unakatika juu ya nyumba ya baba!"

"Sasa si umtoe!"

"Nimtoeje mimi? Ni baba yako!"

"Subiri nimpigie mama," akasema. Subiri! Simu ya mama Enesi ilikuwa imezimwa, kama ilivyo kila siku.

Nikaenda mlangoni, nikaupa mgongo. "Baba," nikasema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kutamka neno kwake. "Mlima unashuka. Toka, baba." Kimya. Nikarudia kwa sauti. Kimya. Nikazunguka nyumba, nikatazama njia ya mtoni kama kuna mtu yeyote, hata mlevi, wa kunipokonya kazi hii. Nikaanza kushuka kuelekea mtoni. Nikajiambia naenda kutafuta mwanaume wa kumtoa. Nyuma yangu mkaratusi mmoja ukavunjika, ukalia kwa kishindo, nami nikarudi.

Nikasukuma mlango. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nikajua masikio ya mzee yamekwisha, hanisikii. Nikaupiga kwa jembe la chikanda mpaka ubao ukapasuka.

Alikuwa sakafuni kando ya kitanda. Alikuwa ameanguka, hana nguo, na amejichafua. Aliponiona alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Loo! Natamani macho yangu yangekuwa ya mtu mwingine. Nikavuta blanketi, nikamfunga, nikampandisha mgongoni, nikamkaza kwa kitenge kama mtoto mchanga. Alikuwa mwepesi kuliko gunia langu.

Tulipofika ng'ambo ya mto, kwenye uwanja wa kanisa, watu wa msiba ndio walikuwa wanapanda kutoka makaburini. Wote. Mchungaji, wazee, wanawake wa kwaya. Ndipo mlima ukashuka nyuma yetu. Nyumba, mikaratusi, migomba, vyote vikaenda kwa ngurumo, na pakabaki ukuta mwekundu unaotoa maji. Mnajua walitazama nini? Sisi. Miguu mitupu ya mzee iliyokuwa inaning'inia kiunoni kwangu. Mama Enesi alivua kitenge chake cha juu, akakimbia, akanifunika uso mimi.

Sasa mzee analala kwa jirani yetu Yesaya. Wazee wanasema achinjwe kuku, tusafishwe. Mimi sikutaka kuku. Nilitaka kwenda Chapwa kwa mume wangu, mahali ambapo hakuna anayejua. Jana nilifunga mzigo. Mama Enesi akaja, akanishika mkono. "Anakuita," akasema. "Nenda."

Alikuwa ameketi nje kwa Yesaya, blanketi mabegani. Nikasimama mbali, mgongo nimempa, nikitamani ardhi inimeze.

"Nilikusikia," akasema. "Tangu ulipoita mara ya kwanza. Kwa nini nisikusikie? Nilijiburuta, nikaweka komeo, nikarudi nikalala palepale."

Hasira ilinipanda, sikuweza kuizuia. Nikageuka. Nikamtazama usoni, mchana kweupe, mbele ya watoto wa Yesaya. Alikuwa analia, mzee wa watu, na hakujifunika.

"Ulitaka tufe wote wawili, baba? Kwa ajili ya aibu?"

"Wewe hapana," akasema. "Nilijua wewe utaona aibu, utaondoka."

Nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ya mtoni mti ule ulipovunjika, na usingevunjika sijui kama ningerudi. Nilipiga magoti hapohapo, nikainamisha kichwa kama mke wa mtoto anavyopaswa, ili asione macho yangu.