Zamu ya Bi Mwanamisi

Jumatano moja ya mwaka 1976, fundi Silvano alijaza maji safi kwenye chupa ya mashine, akawasha pampu, na mshale wa geji ukapanda kama kawaida. Mashine hiyo ililetwa na wafadhili katika kituo kimoja cha utafiti juu ya kijiji cha Kwai, ipime kwinini, dawa ya malaria, iliyomo kwenye magome ya miti. Pampu ilisukuma maji kwa nguvu kupitia bomba jembamba lililoshindiliwa unga mgumu. Adhuhuri ilipoadhiniwa, mshale ulishuka hadi sifuri. Ulikaa hapo mpaka alasiri, kisha ukapanda wenyewe.

Jumatano iliyofuata ikawa vilevile. Silvano alitafuta panapovuja, hakuona tone. Alitoa hewa kwenye pampu, akaosha valvu, akabadilisha sili, vile vipira vya kuzuia mvujo. Chupa ilikuwa imejaa, lakini pampu ilivuta hewa tupu. Mwishowe aliweka maji ya mvua, presha ikatulia. Basi mashine ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa kwenye maji, ambayo kituo kiliyachota katika mfereji wa zamani wa wanakijiji.

Jumatano nyingine akaufuata mfereji mlimani. Alimkuta Bi Mwanamisi, aliyefariki wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, ameinama na jembe, anafungulia maji yaende shambani kwake. Silvano akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, baba. Hii zamu yangu, kila Jumatano adhuhuri mpaka alasiri. Asubuhi ni ya Rubeni, ila yeye yu hai, ndiyo maana mmeweza kumnyang'anya."

Silvano alimweleza kwamba maji ya mashine huchemshwa na mvuke wake hupozwa, kwa hiyo si ya mfereji tena.

"Mbuzi wa wizi hata ukimpika ni wa mwenyewe," alisema Bi Mwanamisi, akaendelea kulima.

Shamba lake sasa lilikuwa bustani ya kabichi ya Mkuu wa Kituo, Ndugu Tobia. Kabichi zilishinda ukubwa wa kichwa cha ng'ombe, naye aliwaonyesha wageni kabichi hizo kama matunda ya kujitegemea. Jembe alilishika siku za kupigwa picha.

Alipopewa taarifa na Silvano hakushangaa. Alichukia kidogo kwamba marehemu hakupitia ofisi ya kijiji. Kisha akaagiza mashine ipumzike kila Jumatano mchana, kwa kuwa wafadhili walikuwa njiani na hawapendi kuona sifuri.

Habari zikamfikia Tatu, binti wa Bi Mwanamisi. Yeye alihamishiwa kijiji cha bondeni, chenye bomba lililozinduliwa kwa hotuba na ambalo halijatoa maji hadi leo. Maharage yake yalikuwa yananyauka, na bila maharage hayo wanawe wasingekuwa na chakula mpaka vuli. Alikwenda kituoni kuomba zamu ya mama yake, kwa sababu zamu ya mfereji hurithiwa. Silvano alisimama naye, akasema kwa maoni yake hiyo ni haki.

Ndugu Tobia alisikiliza kwa upole.

"Mama yako anazuia mashine ya taifa," alisema. "Wewe unazuia nini?"

Tatu alifikiri, akakiri kwamba hazuii kitu.

"Basi rudi kijijini, dada yangu. Ujamaa ni kusubiri pamoja."

Jumatano iliyofuata Tatu alipanda mfereji, akamwomba mama yake ayageuze maji. Bi Mwanamisi akabomoa ukingo. Maji yaliteremka kidogo kuelekea bondeni, yakasimama, yakarudi juu mpaka kwenye kabichi.

"Nimekufa, mwanangu. Namwagilia pale nilipoishi tu."

Tatu alitawadha kwenye mfereji, akaswali, akamwombea mama yake. Kisha akachukua jembe akamsaidia kupalilia kabichi, maana hakuweza kukaa akimtazama mama akilima peke yake. Maharage ya bondeni yalikauka wiki hiyohiyo.

Ndugu Tobia aliwaona kupitia dirisha la ofisi. Akamwambia Silvano kwamba hatimaye wananchi wameelewa maana ya kazi ya kujitolea.