Kodi Uliyouliza

Miaka kumi na moja nimewainua wazee wa Kiingereza vitandani katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Thamesmead, mpaka mgongo wangu umezeeka kuliko wao. Kwa hiyo wizara moja ya serikali iliponiandikia kwamba nimefaulu mtihani wa kutafsiri Kiswahili, nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikalia. Kazi ya kukaa kwenye kiti, mshahara wa mwezi, pensheni. Sharti lilikuwa moja tu: nichunguzwe kwanza, wajue kama ni mtu wa kuaminiwa na siri zao.

Fomu ilikuwa ndefu ya kuchosha. Waliuliza wazazi, safari, marafiki, na swali moja liliuliza kama kuna kodi yoyote ya serikali ambayo sijalipa. Kwa miaka minne nilikuwa nafanya vibarua vya ukalimani hospitalini na mahakamani, kazi ambayo kodi haikatwi kwenye malipo. Unajaza fomu ya kodi mwenyewe mwisho wa mwaka. Mimi sikuwa najaza. Makaratasi yote nilimwachia mume wangu, Douglas, mtu wa Nakuru aliyewahi kuwa karani na bado anajiona karani. Bahasha za kahawia za ofisi ya kodi niliziona zikiingia mlangoni. Kuzifungua ilikuwa kazi yake.

Basi fomu ikiwa wazi kwenye kompyuta, nikamuuliza. "Baba Njeri, kodi tumelipa?"

"Yote," alisema, macho kwenye mpira wa televisheni. "Hatudaiwi."

Nikajibu kwamba hakuna, nikatuma.

Wiki sita baadaye niliitwa kwenye mahojiano, na barua ilitaja kodi za miaka mitatu zisizolipwa. Nilimwekea Douglas barua ile kando ya sahani yake ya ugali. Aliisoma polepole, kisha akaniambia, bila hata kuona haya, kwamba mimi niliuliza kodi, na kodi alikuwa amelipa, mwenye nyumba hatudai hata senti. Ushuru sikuuliza. Kwao Kenya kodi ni ya nyumba, ya serikali ni ushuru. Kwetu Muheza zote mbili ni kodi, na ushuru ni wa sokoni na bandarini. Nikambana. Akakiri kwamba pesa ya ushuru iliisha mwaka alioachishwa kazi, akaona aibu kunieleza. Bahasha alikuwa amezipanga kwa tarehe nyuma ya viatu kabatini. Karani kweli kweli.

Nilimsema mpaka Njeri, binti yetu, akatoka chumbani kuniomba kwa Kiingereza chake nipunguze sauti, majirani wanasikia. Lakini moyoni nilipata nafuu. Sikuwa nimedanganya. Neno ndilo lililotuponza, na maneno ndiyo kazi yangu.

Afisa aliyenihoji aliitwa Bharti, mzaliwa wa hapa hapa, Harrow, ambaye wazazi wake walitoka Kisumu. Alinikaribisha kwa Kiswahili, nami nikajiona nimeshapona. Nikamweleza habari ya kodi na ushuru tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri, hakunikatiza. Akasema deni peke yake lisingenizuia. Watu wengi wanadaiwa, wanakubaliana na ofisi ya kodi, wanalipa kidogo kidogo. Wanachotafuta wao ni mtu anayesema kweli anapoulizwa.

Kisha akafungua jalada, akatoa karatasi yangu ya mtihani. Kulikuwa na maelezo niliyoyaandika mwenyewe pembeni ya tafsiri. Nilikuwa nimeonya kwamba Mkenya akitaja kodi, mtafsiri asikimbilie kudhani ni ya serikali. Huenda anasema ya nyumba, maana ya serikali yeye huiita ushuru. Msahihishaji alikuwa ameandika chini yake kwamba hakuna mtahiniwa mwingine aliyeliona hilo.

"Haya uliyaandika mwezi mmoja kabla ya kujaza fomu," Bharti alisema. "Sasa mimi niandike nini? Kwamba ulisahau?"

Kama nilijua, nimedanganya. Kama sikujua, sifai kazi yenyewe. Nikasema nilisahau, na nilijisikia nikisema. Hata mimi nisingejiamini.

Barua ya kunikataa ilikuja na aya mbili tu. Niliisoma jikoni nimesimama, na uchungu ulionipanda siwezi kuupamba. Douglas alikuwa anaosha vyombo. Nikamwambia ameniharibia maisha, kwamba nitakufa nikiinua watu kwa sababu ya ujinga wake na Kiswahili chake kibovu. Nilisema mengi zaidi ya hayo, na yote nilikuwa nayataka yamuume.

Aliacha nimalize. Akafunga bomba, akafuta mikono.

"Mama Njeri," alisema, "miaka kumi na nane tumekaa pamoja, ukiongea na mimi unasema ushuru. Ulishazoea. Hata ukinicheka hiyo Kiswahili yangu, bado unasema ushuru. Hiyo siku mbona ulisema kodi?"

Nilifungua mdomo nimwambie ni ulimi tu, umeteleza. Lakini nilikumbuka kwamba kabla ya kumuuliza nililitafuta neno, fomu iko mbele yangu. Lile neno ushuru ndilo lililokuja kwanza. Nikaliacha lipite.