Sharubu za Kambare wa Mke Wangu

Mimi ndiye ninayeuza samaki wa mapambo, mimi ndiye ninayeunganisha vioo vya matangi kwa mikono hii, halafu kambare wa mke wangu wakiugua, anampigia simu Daktari. Wala si daktari wa kweli. Ni jina walilompa wateja, naye akalipokea bila haya. Ana duka kama langu, mtaa wa pili, na kabla sijatokea mimi, yeye ndiye aliyetaka kumwoa mke wangu. Sasa nani asingeona wivu hapo? Niliona wivu mpaka chai ikanishinda kumeza.

"Ungenipa siku mbili tu," nilimwambia mke wangu.

"Nimekupa wiki nzima. Hebu watazame."

Kambare hawa hushinda chini ya tangi wakipapasa chakula kwa sharubu, na sharubu zenyewe zilikuwa zimebaki vishina. Mmoja alikuwa na wekundu tumboni, na ngozi imetanda ute mweupe. Mimi nilisema ni ukungu, nikatia dawa kipimo kamili, kama ninavyowatilia samaki wote dukani. Ute ukazidi. Mke wangu amewalea tangu wakiwa wadogo kama punje ya maharage. Nilijua wakinifia mkononi, na yule bwana yupo mtaa wa pili, basi mimi sina changu.

Daktari akaja na shati limepigwa pasi. Hata pasi yake ilinikera. Hakuwagusa samaki. Alikunja mkono wa shati, akaingiza kiganja mpaka chini ya tangi, akachota changarawe na kuzisugua juu ya mkono wake mwenyewe. Zikaacha michirizi myekundu.

"Ule mchanga laini niliowaletea uko wapi?"

Mke wangu akanigeukia. Mchanga niliutupa jalalani. Niuweke wa nini, kila nikikaa kula nautazama mchanga wa mwanamume mwingine sebuleni kwangu? Nilimwekea mke wangu changarawe hizo za vioo vya rangi, zawadi yangu mimi, na zinang'aa hasa.

"Niliubadilisha," nikasema.

"Basi ndio hivyo, kaka. Kambare hawa hawana magamba ya kawaida, na wanachimbachimba siku nzima. Vioo vinawakata, na dawa kali inawaunguza. Acha dawa, badilisha maji kidogo kidogo, weka mchanga. Sharubu zitaota, mashina bado yapo."

Hakucheka, wala hakunisema mbele ya mke wangu. Angenisema, ningepata la kumjibu. Roho ikaniuma zaidi.

Nilimsindikiza mwenyewe ili mke wangu asipate nafasi hiyo, lakini akatufuata vilevile. Mlangoni Daktari alivaa viatu, akainua macho.

"Shemeji, umekata nywele. Zimekukaa vizuri."

"Asante," mke wangu akasema, huku akiniangalia mimi.

Nikageuka. Nywele zilizokuwa zikifika mabegani zilikuwa zimeishia masikioni. Na mimi wiki nzima nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kioo cha tangi, tochi mkononi, nikichunguza sharubu fupi kuliko ukucha.

"Umekata lini?" nikamuuliza alipokwisha kuondoka.

"Siku ile uliyotia dawa. Nilikuja nikasimama karibu yako, ukaniambia nisogee, nakuzibia mwanga."